Kadi Iliyobaki Getini

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, siku ya kupiga kura, kabla jua halijapata nguvu, vibarua wa kiwanda cha kufua mashuka walikuwa wamejipanga mbele ya geti la chuma, kila mmoja ameshika kitambulisho chake mkononi. Manyunyu yaliyoanza alfajiri yalikuwa yangali yakianguka. Kiwanda hicho kilifua mashuka ya hospitali na ya hoteli, na hakikuwa na siku ya mapumziko, kwa kuwa wagonjwa na wageni hawaachi kulala.

Utaratibu wa geti ulijulikana. Kibarua akifika, humkabidhi mlinzi kitambulisho chake chenye picha. Mlinzi hukitia katika sanduku la bati. Nyapara hulifunga sanduku kwa kufuli na kuondoka na ufunguo. Kazi ikiisha, sanduku hufunguliwa na kila mtu huitwa achukue chake. Sheria hiyo ilikuja baada ya foronya kadhaa kupotea. "Aliyeacha kadi hatoroki na foronya," nyapara alisema siku alipoileta, na tangu hapo mlango mdogo wa geti uliachwa wazi saa ya chakula, vibarua watoke wakanunue cha kutia tumboni. Hakuna aliyewafuata. Kila aliyetoka alikuwa amebakizwa ndani.

"Hata leo mnatuchukulia kadi?" aliuliza mwanamke mmoja wa mbele, ambaye kiwanda kizima kilimwita Kicheko. "Leo ndiyo siku yenyewe kadi ina kazi, mzee."

"Mimi nimeambiwa nipokee, napokea," mlinzi alijibu. Alikuwa mtu mzima, koti lake la mvua limepasuka begani. "Ukitaka maelezo, muulize aliyenunua sanduku."

"Basi nitie na mimi humo, nilale mpaka jioni. Utasema nimekuja kazini."

Wanawake walicheka. Nyapara, aliyekuwa amesimama chini ya paa akinywa chai, hakucheka.

"Saa tisa mtatoka," alisema. "Kura zinafungwa saa kumi na moja. Haraka ya nini? Kwani nyinyi mnagombea?"

Uchaguzi mdogo uliopita aliwaambia maneno hayo hayo, kisha lori la mashuka ya hoteli likaingia, na walipofunguliwa sanduku, masanduku ya kura yalikuwa yakitiwa lakiri.

Mama Pacha alikuwa katikati ya foleni, ametulia, ameinamisha kichwa kama mtu anayeikwepa mvua. Ndani ya blauzi yake, katika kijifuko cha nailoni alichokifunga kwa uzi shingoni, hakikuwamo kitambulisho kimoja. Vilikuwamo viwili.

Kimoja kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha mama yake mzazi, aliyefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa amelipanga jambo lake kwa siku nyingi, akiwa ameinama juu ya mapipa ya kulowekea mashuka, bila kumwambia mtu isipokuwa Kicheko. Mlinzi hatazami picha. Mlinzi anataka kadi moja kwa kichwa kimoja, basi. Atampa ya marehemu, ikae sandukuni na kufuli lake. Ya kwake atabaki nayo. Saa ya chakula atatoka kama wenziwe watokavyo kununua maandazi, atakwenda mbio hadi shule ya msingi kulikokuwa na kituo chake, atapiga kura yake, atarudi. Hakuiona kama wizi. Kilichokuwa chake angekitumia mwenyewe. Kile ambacho mwenyewe hakihitaji tena, kingelala getini.

Aliitaka kura hiyo kwa namna ambayo hakuwahi kuitaka nyingine. Mtaa wao ulikuwa na zahanati, vyumba viwili na kibaraza, na muuguzi mmoja aliyezalisha nusu ya watoto wa hapo, wakiwamo pacha wake. Diwani aliifunga zahanati ile akisema ni chakavu, itajengwa upya. Haikujengwa. Shemeji wa diwani aliweka humo magunia ya saruji, na mlangoni pakaandikwa kwamba ni duka. Mama yake alipozidiwa, walimlaza juu ya toroli la kubebea mchanga wakamsukuma kuelekea hospitali ya mjini, yeye akishika kichwa cha mzazi wake kisigonge bati kila gurudumu lilipoingia shimoni. Walipofika kwenye magunia ya saruji, mama alikuwa bado anapumua. Walipofika hospitali, daktari hakuwa na la kufanya.

Sasa yule muuguzi aligombea udiwani. Picha yake ilibandikwa ukutani karibu na bomba la maji, na jina lake chini ya picha. Mama Pacha alilisoma mwenyewe. Alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima, jioni, kwenye shule hiyo hiyo ya msingi, akikaa kwenye dawati la mtoto huku magoti yakigonga ubao. Chaguzi zote zilizopita, karani alimwuliza, "Unamtaka nani, mama?" kisha akamwekea alama yeye. Iliwekwa wapi, hakuwahi kujua. Safari hii angeiweka kwa mkono wake.

Zamani ilitosha majirani wawili kusema, "Huyu tunamjua, ni wa hapa." Sheria mpya ilisema atakayepiga kura ni mwenye kitambulisho chenye picha. Gari la matangazo lilipita mitaani likinguruma kwamba hakuna wa kulalamika, kadi ni bure.

Ilikuwa bure. Ofisi yake ilikuwa upande wa pili wa mji, na ilifunguliwa siku zile zile ambazo kiwanda kilifanya kazi. Alipokwenda mara ya kwanza, walimtaka cheti cha kuzaliwa. Naye alizaliwa sakafuni, katika chumba cha kupanga, mikononi mwa jirani. Alete basi mzazi aje ashuhudie, mzazi mwenye kadi. Mama yake hakuwa na kadi. Ikabidi mama aanze kutafuta yake, na mguu wake uliovimba, kwa ushahidi wa mzee wa kanisa, kisha arudi amshuhudie mwanawe. Mara karani yuko semina, mara umeme hakuna, mara mashine ya picha imeharibika. Kila safari ilikuwa siku ya kazi iliyopotea. Mama Pacha alikuwa kwenye mashine ya pasi, kazi safi, ya kusimama wima na kuingiza mashuka makavu kwenye roli la moto la kuyanyoosha. Nyapara alipochoka na ruhusa zake, alimpa mwingine nafasi ile, akampeleka yeye kwenye mapipa ya dawa ya kung'arishia, mahali ambapo mashuka ya hospitali hulowekwa damu itoke. Glavu zilikuwapo siku ya kwanza. Zilipopasuka, hazikuja nyingine.

Hivyo ndivyo alivyoipata kadi, na hivyo ndivyo ncha za vidole vyake zilivyokufa. Zilikuwa nyeupe na laini kupita kiasi, kama yai lililochemshwa na kumenywa. Alishika sufuria ya moto asijue, mpaka anuse.

Foleni ilisogea. Kicheko alitoa kadi yake, akapita. Ilipobaki watu watatu, Mama Pacha aliingiza mkono ndani ya blauzi. Hakuthubutu kutoa kadi zote mbili nje. Macho ya nyapara yalikuwa pale. Ilimpasa achague kwa kupapasa. Kadi ya mama ilikuwa na kona moja iliyoyeyuka, kwa kuwa mshumaa uliwahi kuiangukia, na kona ile ilikuwa ngumu, imejikunja kama ukucha. Alipapasa. Kidole kikapita juu ya kitu, kikahisi kama mkunjo. Alipapasa tena.

"Mama, unatafuta chawa?" mlinzi alisema. "Wenzako wanalowa."

Aliichomoa, akaitoa huku kiganja kimeifunika. Mlinzi aliipokea bila kuitazama, akaidondosha sandukuni. Nyapara aliweka kikombe chini, akafunga kufuli.

Asubuhi yote alifanya kazi na moyo mwepesi. Kicheko, akisukuma kitoroli cha mashuka kuelekea kwenye roli, alipita karibu naye mara kwa mara.

"Vipi, bibi harusi?"

"Nyamaza wewe."

"Ukifika kule usimchague yule mwenye saruji kwa kuzoea."

"Nimesoma jina mpaka naliota."

"Haya, na mimi uniwekee alama. Kadi yangu ndiyo ile inasinzia kwenye bati."

Kengele ya chakula ilipolia, Mama Pacha alikuwa wa kwanza kupita mlango mdogo. Hakukimbia mpaka alipopinda kona. Akakimbia kwa viatu vya mpira, soksi zimejaa maji ya dawa, akipita kwenye bomba, akipita kwenye duka la saruji, mpaka uwanja wa shule.

Foleni ya akina mama ilikuwa fupi. Waliokuwa wakitoka walikuwa wakiinua kidole kimoja cheusi, wakitaniana. Mlangoni palikuwa na askari. Ndani, katika darasa alilosomea, meza ziliunganishwa, na nyuma yake waliketi msimamizi wa kituo, mgeni aliyeletwa kutoka mjini, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Karani wa orodha. Na mwisho kabisa, mbele ya kichupa cha wino, mwalimu wake wa kisomo cha jioni, ambaye alikuwa amepewa kazi hiyo ya siku moja. Kwenye benchi la ukutani alikaa wakala wa diwani, kijana wa mtaa huo huo, aliyezoea kumwita Mama Pacha dada.

Mwalimu alimwona, akatabasamu. "Karibu mwanafunzi wangu. Leo ni mtihani."

"Nimejiandaa, mwalimu."

Alilitaja jina lake kwa sauti kamili. Karani alipitisha rula, akaliona. Lilikuwapo. Aliomba kadi. Mama Pacha akafungua kijifuko, akaitoa, akaiweka mezani.

Msimamizi aliichukua. Aliitazama, akamtazama mtu, akaitazama tena.

"Jina ulilotaja silo lililo hapa."

Mama Pacha alishusha macho. Kwenye mbao za meza, kati ya vidole safi vya mgeni yule, alimwona mama yake akimtazama, na pembeni ile kona iliyoyeyuka. Mkono wake ulirudi kwenye kijifuko na kukikuta kitupu, ukakitafuta tena kama kwamba kuna mfuko wa pili ndani yake.

"Hii ni ya nani?" msimamizi aliuliza.

"Ni ya mama yangu."

"Yuko wapi?"

"Hayupo, baba. Nimekosea. Yangu iko kazini. Nimeshika hii nikidhani ni yangu."

"Hayupo, ametoka?"

"Amefariki," wakala alisema kutoka kwenye benchi. Aliinuka. "Mwaka jana. Mimi mwenyewe nilikuwapo mazikoni, nilibeba jeneza. Mheshimiwa, naomba iandikwe: mtu amekuja kupiga kura kwa kadi ya maiti."

"Mdogo wangu," Mama Pacha alimgeukia, "si nimetaja jina langu? Nimetaja jina la mama mimi?"

"Mimi nasema nilichokiona, dada."

"Unanijua."

"Nakujua sana. Ndiyo maana najua kwamba wewe si marehemu."

Nje mtu alicheka. Mwalimu alisimama, kidole chake kina tone la wino.

"Samahani, msimamizi. Huyu mama namfahamu. Ni mwanafunzi wangu, anakaa nyuma ya bomba, ana watoto pacha. Jina alilolitaja ndilo lake, na kwenye orodha lipo, halijapigiwa kura. Hata huyu kijana anamfahamu. Hapa ndani asiyemfahamu ni wewe tu."

"Mwalimu, keti."

"Nasema tu..."

"Keti. Sheria haikuniambia niulize nani anafahamiwa na nani. Imesema kadi yenye picha. Kama kufahamiana kungetosha, tungekaa nyumbani tukapiga kura kwa salamu." Alimtazama Mama Pacha, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Jina lako lipo. Kadi yako haipo. Kadi ya marehemu ipo. Niandike nini?"

"Niruhusu niende nikailete. Ni hapo tu, kiwandani."

"Angekuja mkono mtupu, ningemruhusu," msimamizi alisema, safari hii akimwelekea askari. "Lakini amewasilisha hii."

Askari alimshika juu ya kiwiko, taratibu, kama amsaidiaye mtu kuvuka barabara. Walipopita mlangoni, wanawake wa foleni waligeuka. Mmoja alisema, "Si Mama Pacha huyu?" na mwingine akamjibu, "Ndiye." Wakala aliwafuata hadi barazani, akainua simu yake. Mama Pacha alijifunika uso kwa upindo wa nguo. "Toa mkono, dada," kijana alimwambia. "Wanataka sura."

Kituo cha polisi kilikuwa chumba kimoja chenye kaunta. Nyuma ya kaunta aliketi askari wa kike, wa rika la Mama Pacha, amevua kiatu kimoja kwa uchovu. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema:

"Nakuamini."

Mama Pacha alianza kulia.

"Usilie. Nakuamini, lakini kuniamini mimi hakukutoi hapa. Umesema una kadi. Lete kadi, niione kwamba wewe ni wewe, niandike kwamba ni makosa ya bahati mbaya, uende zako ukapige kura. Saa bado ipo."

"Nitailetaje nikiwa hapa?"

"Mtume mtu."

Aliyetumwa ni jirani aliyekuja akihema, mwanamke mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi. Habari ilimfikia kabla hajatoka nyumbani; alikuwa akisubiri jua lipoe ndipo aende kupiga kura, kwa sababu ya miguu yake. Aliitia miguu hiyo njiani hadi kiwandani, akaenda na kurudi. Aliporudi alijishikiza kwenye kaunta kwanza.

"Mlinzi anasema ufunguo anao nyapara," alieleza. "Nyapara anasema kadi hapewi mtu mwingine, lazima mwenyewe aje, ndiyo sheria. Nimemwambia mwenyewe amezuiliwa. Akasema, 'Basi amwambie aliyemzuia amwachie.' Na amesema amekuona hukurudi baada ya kengele. Anataka kujua uko wapi, kwani kwenye sanduku uko ndani."

Askari wa kike alivaa kiatu chake.

"Sikiliza, mama. Nitakuchukua alama za vidole. Zako zilishachukuliwa siku ya kutengeneza kadi, ziko kwenye mashine. Zikilingana, kadi ya nini tena?"

Alimpaka wino kidole cha kwanza, akakibonyeza kwenye karatasi. Likabaki doa jeusi, limejaa, halina mstari. Akapaka cha pili. Doa. Alimshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasogeza uso karibu.

"Vidole vyako vimekuwaje?"

"Ni dawa ya kazini."

"Siku ya kadi vilikuwa hivi?"

"Siku ya kadi nilikuwa bado napiga pasi."

Aliendelea kimoja baada ya kingine, akiongeza wino, akibonyeza kwa nguvu zaidi, mkono wa kulia wote, kisha wa kushoto wote. Karatasi ilijaa madoa kumi yanayofanana. Aliiinua, akaipulizia ikauke, akaiweka kando.

"Kilichobaki ni dhamana," alisema hatimaye. "Kesi itatajwa wiki ijayo. Awepo mtu mmoja mwenye kitambulisho, akiache hapa, wewe uende ukaangalie watoto."

Mama Pacha alimtazama Shangazi, akatikisa kichwa. "Usifanye hivyo. Hujapiga."

"Saa ngapi sasa?" Shangazi alimwuliza askari.

"Zimebaki kama dakika arobaini wafunge."

"Shangazi, nenda kwanza ukapige. Mimi nitakaa. Nenda, halafu urudi."

"Kwa miguu hii? Kule, kisha huku? Nikirudi, huyu binti zamu yake si itakuwa imeisha?"

"Inaisha saa kumi na moja," askari alikiri. "Anayeingia, sijui atasemaje. Huyo hatoi dhamana jioni."

"Na pacha wako kwangu, wamejifungia ndani, hawajala." Shangazi alifungua fundo la nguo yake kwa meno, maana lilikuwa limekaza. Alitoa kitambulisho chake. Alikitazama kidogo, picha yake mwenyewe, ambamo alikuwa amekaza mdomo asionekane hana meno. "Nilimwahidi yule muuguzi," alisema. "Nilimwambia kura zetu mbili azihesabu tayari." Kisha akakisukuma juu ya kaunta, na askari wa kike akakifungia katika droo.

Walirudi polepole, mmoja amemshika mwenzake. Kwenye kona walikutana na vibarua wakitoka kiwandani. Kicheko alikuwa mbele, kadi yake mkononi, anatembea nusu anakimbia.

"Wametufungulia sasa hivi!" alipiga kelele kabla hajaona nyuso zao. "Lori liliingia. Kuna nafasi bado? Kuna..." Akasimama. Kutoka upande wa shule, askari wawili walikuwa wakibeba sanduku la kura wakilipakia kwenye gari. Kicheko alilitazama gari mpaka likaondoka. Kisha akamwambia Mama Pacha, kwa sauti ambayo hawakuwahi kumsikia nayo, "Yako bado imo. Nyapara amesema usije kesho. Nimemuuliza utaichukua lini, hakunijibu."

Jioni iliingia mtaani ikiwa na furaha ya ajabu, kama siku zote za kura. Watu walikaa vibarazani, wakionyeshana kidole, wakibishana nani atashinda. Mama Pacha alipita katikati yao mikono yake ameikunja kwapani. Baadhi walimsalimu. Baadhi walikuwa wamekwisha kuona picha ile kwenye simu, wakainamia mambo yao.

Pacha walikuwa mlangoni kwa Shangazi. Walimkimbilia, na kama ilivyo kawaida yao, kila mmoja alidai mkono wake. Wakaivuta, wakakunjua vidole. Wa kwanza alitoa macho. Kisha akawaita watoto wa nyumba ya jirani, akipaza sauti kwa fahari:

"Njooni muone! Mama yetu amepiga kura kwa vidole vyote!"

Watoto walikusanyika. Barazani mazungumzo yalikatika. Shangazi alisema, "Mwacheni mama yenu apumzike," lakini hawakumsikia, walikuwa wakihesabu. Mama Pacha alikwenda kwenye beseni, akachuchumaa, akatafuta kipande cha sabuni, akaanza kusugua. Maji yalibadilika rangi. Vidole havikubadilika.

Pacha wa pili alichuchumaa kando yake, akamshika kifundo cha mkono amzuie.

"Usinawe, mama," alimsihi. "Kesho nataka mwalimu aone."

Wewe uliyesoma hadi hapa, msomee jirani yako asiyejua kusoma, kisha mwombe naye amsimulie mwingine.